Mbegu Chini ya Zizi la Mbuzi

Kambini, 11 Januari

Dada yangu,

Nakusalimu wewe, shemeji fundi, watoto, na zaidi ya wote mama. Mimi mzima, ila miguu inanilaumu. Viatu nilivyopewa vilikuwa vya mtu mwingine, na huyo mtu nadhani alikuwa na vidole vichache kuliko mimi. Mguu wa mama unaendeleaje? Mwambie asisimame jikoni muda mrefu, anajifanya kijana. Na yule ng'ombe mweusi keshazaa? Ukinijibu anza na huyo ng'ombe, maana ndiye ninayemuota.

Nilidhani mimi na jeshi tulimalizana ujanani. Kumbe wenzangu hawakusahau. Daktari wao alinigonga goti, goti likaruka, akaandika kwamba nafaa. Sasa mtu mzima na mvi zangu, mwandishi wa habari za wakulima, naamshwa kwa filimbi na kijana ambaye baba yake alikuwa msomaji wangu. Siku ya pili nikiwa kwenye foleni ya chakula mtu akaita "Bwana Samadi", jina langu la gazetini, foleni nzima ikacheka. Hata kamanda ananiita hivyo. Alinisimamisha akaniuliza kuhusu nyanya za mkewe, kwa nini zinaoza kitako kabla ya kuiva. Nikamweleza. Alifurahi, akaniweka kitengo cha chakula badala ya kunipeleka mstari wa mbele. Kwa hiyo mama asilie.

Sasa la maana. Mhariri hataki safu yangu ife kwa sababu ya vita. Nitaandika hukuhuku, nakutumia wewe, wewe unapiga taipu na kumpelekea. Barua za wasomaji zisome, uniambie wanauliza nini. Lakini tuelewane mapema, dada: usiniguse hata nukta. Nakujua. Wewe ulinisahihishia mpaka barua ya posa. Makala ya kwanza imo humu ndani, inahusu kupalilia mapema na kung'oa miche inayozidi kila shimo. Itoke wiki hiyohiyo itakapokufikia.

Ni mimi mdogo wako, mwenye malengelenge.


Nyumbani, 20 Februari

Mdogo wangu,

Ng'ombe kazaa. Jike. Haya, umeridhika? Sisi hatujambo. Mguu wa mama umepungua uvimbe, mdomo ndio haujapungua. Anataka kujua unalala kitandani au chini, na ukisema kitandani atataka kujua godoro ni la nini. Shemeji yako kapata kazi ya madawati ya shule, nyumba imejaa vumbi la mbao, tunakohoa kwa zamu.

Barua yako imenifikia juzi. Umenisikia? Juzi. Unawaambia watu wapalilie mapema na mahindi yangu yamefika kifuani. Ningeitoa makala ile wangesema Bwana Samadi kachanganyikiwa. Nimeiweka kabatini isubiri mwakani. Huku viwavijeshi wameingia mashambani kabla ya jeshi lenyewe, na kila barua ya msomaji inauliza hilohilo. Nikakaa mezani nikaandika mwenyewe: usisubiri dawa ya dukani, pita asubuhi shina kwa shina, tia majivu kwenye moyo wa mhindi, waliobaki watoe kwa kidole. Chini nikaweka jina lako. Mhariri akaniambia ndiyo makala bora uliyowahi kuandika, kwamba jeshi limekunoa. Nikamwambia nitakufikishia sifa.

Nilipomsomea mama, alisikiliza mpaka mwisho, akasema aliyeandika si wewe, ni mimi. Kwa hiyo tuna msomaji mmoja ambaye hadanganyiki.

Usianze kununa. Nitaendelea kuandika mpaka posta yenu ipate miguu, na jina litabaki lako. Kilichoniudhi mimi ni kingine. Umeniandikia kurasa nne. Viatu vimo, foleni imo, nyanya za mke wa kamanda zimo. Kazi yako haimo. Hicho kitengo cha chakula kinafanya nini? Mnapika? Mnabeba? Mtu ambaye ameandika miaka yote kuhusu mavi ya ng'ombe bila kuona haya, leo anaona haya gani?

Dada yako.


Kambini, 29 Machi

Dada,

Nasikia furaha kwa ndama, na pole kwa vikohozi. Mwambie mama ni kitanda, na godoro ni la pamba. Asiulize zaidi.

Gazeti limefika kambini. Nimelisoma nikiwa nimesimama, nikalazimika kukaa. Majivu gani, dada? Ya kuni au ya mkaa? Kiasi gani? Asubuhi umande ungali juu au umekwisha? Mtu anakusoma anakwenda kumwaga kikapu kizima, anaunguza shamba, halafu anasema Bwana Samadi ndiye kaniambia. Jina hilo nimelijenga kwa miaka, shamba kwa shamba, kwa baiskeli, kwa kulala kwenye maghala ya watu. Wewe umelivaa kama kanga ya kuendea kisimani. Vijana hapa wananipongeza kwa makala ambayo sikuandika na mimi nakenua meno.

Uliuliza kazi. Tunazunguka kutafuta chakula cha askari, tunapakia, tunaleta kambini. Hakuna la kuandika hapo.

Kuna jambo moja kamanda ameniomba. Humu nimeweka tangazo fupi. Linasema wakulima wawapokee askari vizuri watakapopita baada ya mavuno, wawaonyeshe walichonacho bila kuficha, na kila kitakachochukuliwa kitarudishwa vita vikiisha. Litoke na jina langu, na picha yangu ile ya kofia. Safari hii usibadilishe neno. Nakuomba kwa heshima zote, wewe ni mkubwa wangu.

Mdogo wako.


Nyumbani, 24 Juni

Mdogo wangu,

Mama mzima. Ng'ombe mzima. Wote wazima. Salamu ndefu leo sina.

Tangazo lako nililipeleka roho ikinisuta, lakini nikasema ni wewe, unajua unachofanya. Lilitoka ukurasa wa mbele. Halafu mwezi wa tano, kama tunavyofanya kila baada ya mavuno, tukairudia ile makala yako ya mbegu, ambayo wasomaji wameikata na kuibandika ukutani. Kausha mbegu, changanya na majivu, tia kwenye chungu, ziba mdomo kwa udongo na mavi ya ng'ombe, zika chini ya zizi la mbuzi, upande wa juu ambako maji hayatuami. Na ile sentensi yako wanayoipenda, kwamba hajazaliwa mwizi wa kuchimba mavi ya mbuzi.

Jumatatu nilikuwa gazetini, kwenye kile chumba cha nyuma ya mtambo wa kuchapia, ninapanga barua. Akaingia mama mmoja, mjane, wa bonde la pili kutoka kwetu. Hakupiga hodi. Kashika chungu kilichovunjika mdomo. Akakitua mezani juu ya karatasi zangu, udongo ukamwagikia taipureta. Akauliza Bwana Samadi yuko wapi. Nikamjibu yuko jeshini.

"Najua," akasema. "Na jeshi lilikuja kwangu. Lilijua pa kuchimba."

Nikamkalisha. Askari walifika na lori asubuhi. Magunia ya chakula waliyakuta ndani wakayabeba, naye hakusema kitu kwa sababu tangazo alilisoma. Kisha wakaenda zizini moja kwa moja. Hawakupekua dari, hawakuinua kitanda, hawakumuuliza mtu. Waliwatoa mbuzi wakachimba upande wa juu. Aliwaambia hiyo ni mbegu, ina majivu, si ya kula. Wakamjibu itaoshwa. Kulikuwa na mtu mwenye kofia aliyebaki kwenye lori, sura hakuiona.

Mdogo wangu, mama yule hana mbegu hata ya kushika mkononi. Mvua ya kupandia inakuja mwezi wa kumi na moja. Dukani mbegu hakuna tangu vita vianze, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Wasomaji wako wote wamezika mahali pamoja, chini ya mbuzi wao, kwa sababu wewe uliwaambia. Nakuuliza mara moja na nataka jibu moja: ni wewe unayewaonyesha?

Dada yako.


Kambini, 30 Julai

Dada mpendwa,

Natumai barua hii inawakuta mkiwa na afya. Huku baridi imekuwa kali, maji ya kunawia asubuhi yanachoma. Nimepata viatu vingine, hivi vinanienea. Ndama ameachishwa? Asiachishwe mapema, mpeni muda. Shemeji asisahau kupaka miguu ya kitanda cha mama mafuta ya taa, mchwa wa mwaka huu hawana adabu. Na watoto wasome.

Kuhusu yale uliyouliza. Gazeti linasomwa na kila mtu, askari nao wana macho. Makala ya mbegu si siri, imetoka miaka mingi. Na kama ni kulaumiana, nani aliyeitoa tena mwezi wa tano, wakati anajua malori yanapita? Si mimi. Mimi nilikuwa huku.

Vita ni vita. Vijana hapa wanakula mara moja kwa siku. Mambo ya mbegu usiyaguse tena kwenye safu, andika kuhusu kuku. Kuku hawana matatizo.

Mdogo wako akupendaye.


Nyumbani, 26 Agosti

Wewe,

Mama hajambo. Nimemaliza salamu.

Kuku. Umeniandikia kuku. Barua yako niliisoma nimesimama uani, nikaikunja, nikaingia ndani, nikatoka, nikaisoma tena nikidhani kuna ukurasa nimeruka. Nilikuuliza swali la ndiyo au siyo, ukanijibu miguu ya kitanda. Na kunitupia mimi lawama ya kurudia makala, sawa, naibeba, nimeitoa mimi kwa mikono yangu, na toka siku ile ya chungu sijalala vizuri. Ya kwako je, umemwachia nani?

Nilimwambia shemeji yako anipe baiskeli, nikaenda mwenyewe bonde la pili mpaka la tatu. Nimeingia nyumba kwa nyumba. Zizi baada ya zizi, shimo upande wa juu. Kwa mzee mfuga nyuki nilikaa sana, maana yeye alikuona. Alisema ulikuja umevaa kofia. Ulimsalimia kwa heshima, ukamuuliza habari za mizinga yake kwa majina, ule wa mlimani na ule wa kisimani. Ukaokota udongo ukaunusa. Mdogo wangu, nani mwingine katika dunia hii ananusa udongo wa watu kabla hajakaribishwa kiti? Kisha ukawaonyesha kwa kidole. Walipokitoa chungu, mzee akaanza kulia, nawe ukamwambia, "Umezika vizuri."

Umezika vizuri. Alinirudia maneno hayo mara nyingi, akiniuliza ulimaanisha nini. Mimi ningemjibu nini? Alidhani labda ulikuwa unamdhihaki. Nikamwambia hapana, ndivyo anavyosifu. Nikaona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Sikiliza. Mara ya kwanza ulipotoka jeshini ulikuja umenyamaza kama mgomba. Hukusema uliona nini, hatukukuuliza. Ulilima bustani ya mama msimu mzima, ukawa unaandika vikaratasi kuhusu udongo, mimi nikavipeleka gazetini bila kukuambia. Ndivyo ulivyopata kazi. Watu walikuamini kwa sababu hukuwapigia chuku hata siku moja. Shamba likishindwa ulisema limeshindwa. Leo umeichukua imani hiyohiyo umeifanya ufunguo wa kufungulia nyumba zao. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, hata kwa yule aliyetudhulumu shamba la baba.

Nakupa nafasi. Toleo la mwanzo wa mwezi wa kumi nitaandika, kwa jina la Bwana Samadi, kwamba kila aliyezika mbegu zizini aifukue leo na kuihamishia pengine. Bado zipo nyumba nyingi ambazo hamjafika. Ningependa uandike wewe. Usipoandika, nitaandika mimi na jina litakuwa lako, kama ilivyokuwa mwaka mzima.

Dada yako, bado.


19 Septemba

Dada,

Hii haikuja kwa posta. Anakuletea dereva wetu, amepewa ruhusa ya msiba. Barua zinazotoka kambini zinasomwa na ofisa kabla hazijatoka, ndiyo maana ya kuku na miguu ya kitanda. Zinazoingia hakuna mwenye muda nazo, la sivyo hayo uliyoniandikia yangekuwa yamenikata shingo. Mpe dereva chakula, ametoka mbali.

Ni mimi. Haya, umepata jibu lako la ndiyo au siyo.

Sasa nisikilize na wewe, maana kazi yako yote mwaka huu imekuwa kunihukumu ukiwa kwenye kiti chenye mto. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja ambaye humjui. Sajini alimlaza kifudifudi mlangoni kwake anampiga kwa kitako cha bunduki, mgongoni na kwenye miguu, anamwambia kuna zaidi, toa. Mkewe alikuwa amemshika sajini mkono, na yeye akapata lake. Mimi nilikuwa nimesimama pale na daftari langu la kuhesabia magunia. Na nilijua kuna zaidi. Nililiona zizi, udongo wa upande wa juu ulikuwa mpya. Mtu mwingine asingeona. Nikasema. Wakaacha kumpiga. Hicho tu ndicho nilichotaka, waache.

Lakini askari si wajinga. Nyumba ya pili walinigeukia mimi kabla ya kumgusa mtu. Ya tatu kamanda akasema Bwana Samadi atangulie, itatuokolea muda. Tulipofika kwa mjane nilibaki kwenye lori kwa sababu alikuwa ameniandikia barua nyingi za shukrani, nikakosa uso wa kumtazama. Nilionyesha kwa kidole kupitia dirishani. Tangu hapo katika nyumba nilizoingia hajapigwa mtu. Hata mmoja. Mbona hilo hukuliulizia huko ulikozunguka na baiskeli? Uliwaona wana majeraha?

Yale ya mzee wa nyuki, nilimwambia amezika vizuri kwa sababu alikuwa analia na mimi sikujua la kusema. Alikuwa amezika vizuri kweli. Ndilo neno pekee lililonijia.

Ukilitoa onyo hilo kwa jina langu watajua nimeligeuka jeshi. Hawatanifunga, dada. Watanisimamisha nyuma ya jiko, wanipige risasi kama walivyompiga kijana mmoja wa magari mwezi uliopita, na chakula kitaendelea kupikwa. Sikutishi. Nakuambia kilicho kweli. Mwaka mzima umepiga kelele ukiwa ndani ya shati langu, unasifiwa kwa jina langu, unasahihisha watu kwa jina langu, na sasa unataka kufa kwa jina langu, ila atakayekufa ni mimi. Una ujasiri? Weka jina lako. Huna, basi nyamaza kama ninavyonyamaza mimi, tuheshimiane.

Mama asijue.


Nyumbani, 8 Oktoba

Mdogo wangu,

Dereva alikula, akalala, akaenda msibani kwake na akiba ya njiani. Barua hii anaipitia akirudi kambini. Mtu mwema, hana maneno mengi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko unavyostahili. Nimelia, nikuambie ukweli, nikimfikiria yule mzee mlangoni kwake na wewe na daftari lako. Ningekuwa pale ningesema kama ulivyosema. Nyumba ya kwanza nakuachia. Lakini nyumba ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata, ulikuwa unatangulia wewe. Unasema hakupigwa mtu. Mzee wa nyuki kipigo angekipona. Wajukuu zake watakula nini mwezi wa tano? Utakuwapo uwaonyeshe kwa kidole?

Na kuhusu shati lako, umenipata. Hapo umenigonga penyewe. Nililivaa na likanipendeza. Basi nimelivua. Haya ndiyo yaliyotoka Ijumaa, mahali pa safu yako, na jina langu kamili, la baba na la babu:

"Mimi ni dada yake Bwana Samadi. Tangu Februari makala mnazosoma hapa naandika mimi. Makala ya kuficha mbegu aliiandika yeye, na sasa yeye ndiye anayewaonyesha askari pa kuchimba. Fukueni mbegu zenu leo. Kila mtu atafute mahali pake, asimwambie jirani, asiniandikie mimi. Bwana Samadi akija kwenu, hata akija peke yake, hata akija analia, msimfungulie."

Hilo la kulia niliandika, nikalifuta, nikalirudisha.

Kwa hiyo hutasimamishwa nyuma ya jiko. Jeshi litaona kwamba umesalitiwa na dada yako, na ni kweli. Ila huku hakuna mlango tena wa kwako. Nilikuwa najua ninachokifanya nikakifanya.

Watu wa usalama walikuja Jumamosi. Walinihoji kutwa nzima kwenye chumba kisicho na dirisha, wakaniuliza nani kanituma. Niliwaambia mjane na chungu chake. Mhariri, yule mwoga tunayemcheka, alikuja akakaa nje ya mlango mpaka nikatoka. Gazeti limefungiwa, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa. Shemeji yako anapiga randa tu, mbao zimebaki nyembamba kama karatasi.

Mama nilimsomea. Ulisema asijue, lakini angesikia kwa majirani. Aligeukia ukutani, na mpaka leo hajanisemesha.

Dada yako.


14 Novemba

Dada,

Salamu kwa mama. Sijui atazipokea kwa mkono gani, zipeleke hivyohivyo. Hii nayo nimempa dereva.

Gazeti lilifika. Kamanda alilisoma mbele yangu, akacheka, akanipiga bega, akasema familia ni shida. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, sikusimamishwa popote.

Tumetoka mara kadhaa tangu hapo. Lori likikaribia milango inafungwa. Watu waliokuwa wakinitolea kiti kivulini wananiangalia kupitia tundu la ufunguo. Kwa bibi mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, nilibisha mimi mwenyewe nikamwambia ni Bwana Samadi. Akajibu kutoka ndani, "Tumeambiwa hata ukilia." Sikuwa nalia. Baada ya hapo ndipo nilipolia, nyuma ya lori, mtu mzima mimi.

Mazizini tumechimba hakuna kitu. Nimenusa udongo, nimeangalia kuta, mabanda, mashina ya miti. Sioni. Umewafundisha vizuri, au wamejifundisha. Na nataka ujue na hili, usije ukalala usingizi mzuri: wameanza tena kupiga watu. Wanapiga na hawaambiwi kitu. Jana sajini alimvunja mtu mkono, mbegu haikutoka. Nilisimama pale na safari hii sikuwa na neno hata moja la kumpa.

Kamanda anasema kitengo cha chakula hakinihitaji. Amenipa bunduki. Kesho tunakwenda mstari wa mbele. Nyanya za mkewe safari hii hazikuniokoa.

Nina hasira na wewe mpaka nimetoboa karatasi kwa kalamu, tundu utaliona. Huku mvua imeanza. Huko je? Wanapanda?

Mdogo wako.


Nyumbani, 6 Desemba

Mdogo wangu,

Wanapanda.

Mjane wa chungu amepanda. Sijui mbegu kapewa na nani, na sikumuuliza. Mzee wa nyuki amepanda nusu ya shamba, amegawiwa na watu wa bonde la tatu. Yule aliyevunjwa mkono ametafutwa na kupatikana, shamba lake wamelipanda majirani, yeye amekaa kwenye kigoda anawaelekeza na kuwatukana kwa nafasi mbaya za mashimo. Nimekwenda kumwona. Nilimwambia mimi ndiye niliyeandika. Akaniambia nisogee, nimesimama juu ya mstari. Usingizi mzuri silali, ukitaka kujua.

Mama amenisemesha. Aliniuliza kama wakati ule ulipotoka jeshini mara ya kwanza, bustani ile ulianza na mchicha au na vitunguu. Nikamwambia vitunguu. Akasema basi mwaka huu atavipanda yeye, na amevipanda, na huo mguu wake. Tumegombana juu ya mbolea. Nyumba imerudi kuwa nyumba.

Barua hii sijui kama itakukuta, au kama mstari wa mbele mna posta. Dereva hajulikani alipo. Naiandika kwa sababu nina hasira bado, na sitaki ife hasira hii kabla hujaisikia. Usithubutu kufa huko. Usithubutu kuniachia mimi kazi ya kuwaeleza watu ulikuwa nani, maana sitawaeleza vizuri na utanilaumu kaburini kwa nukta na mikato.

Rudi. Ukirudi hutakaa uani kimya ukipalilia vitunguu huku sisi tukipita kwa kunyata. Tutakwenda bonde la pili, na la tatu, na kila nyumba ambayo ulinyoosha kidole. Nitakwenda na wewe, nitakushikia baiskeli, nitasimama getini mvua ikininyeshea. Nitakufikisha mlangoni kwa kila mmoja wao. Kubisha utabisha mwenyewe.

Dada yako.